Mwongozo kamili: namna ya kupata nafasi ya uongozi wa kujitolea kwenye bodi ya urejelezaji taka

Wanaoomba kiti cha bodi kwa sababu tu wanayapenda mazingira hukosa kura, au hukipata kiti na kukichoka kabla mwaka haujaisha. Mapenzi hayo kila mwombaji anayo. Kinachomtenga mmoja na wengine ni pengo analoweza kuliziba: anasoma hesabu na kuzielewa, anaijua mikataba, amewahi kusimamia kituo cha kuchambulia taka, au anaaminika kwa waokotaji ambao shirika linawategemea. Mwongozo huu unaanzia kwenye kuchagua shirika na kufika hadi kwenye uenyekiti. Tutakaa zaidi pale ambapo waombaji hupita mbio: kulichunguza shirika lenyewe kabla ya kuandika jina kwenye fomu.

1. Jua ni bodi ya namna gani

Neno "bodi" hubeba mambo matatu yasiyofanana. Bodi ya wakurugenzi (au ya wadhamini) ina mamlaka ya kisheria: inamwajiri mtendaji mkuu na inaweza kumwachisha kazi, inapitisha bajeti, inaidhinisha mikopo. Mambo yakiharibika, wajumbe wake ndio wanaoulizwa. Bodi ya ushauri hutoa maoni tu, na mtendaji anaweza kuyafuata au kuyaacha. Kamati ya taka ya mji au halmashauri nayo ni ya kushauri, ila wajumbe wake kwa kawaida huteuliwa na viongozi wa serikali, hawapigiwi kura na wanachama. Kwa asiyewahi kukaa kwenye bodi, hizi mbili za mwisho ni mahali pazuri pa kujifunzia. Usizitaje tu baadaye kana kwamba zilikuwa na mamlaka ya kwanza, kwa sababu kamati ya uteuzi itauliza.

Kisha angalia shirika lenyewe. Chama cha sekta huwaunganisha wakusanyaji, wenye viwanda na maofisa wa serikali, na mara nyingi viti vyake vimegawanywa kwa makundi. Shirika la elimu ya mazingira huishi kwa misaada na michango. Ushirika wa waokotaji taka ni mali ya wanachama wake, na mtu wa nje hukaribishwa zaidi kama mshauri wa fedha au sheria kuliko kama kiongozi. Hilo ni sahihi, usilipinge. Aina ya nne ni shirika linalosimamia wajibu wa mzalishaji, yaani utaratibu wa kumtaka anayeweka bidhaa sokoni agharamie taka zake. Wazo hilo lilipewa jina na Thomas Lindhqvist wa Sweden mwaka 1990, na Ujerumani ikaliingiza kwenye kanuni zake za vifungashio mwaka 1991. Bodi za mashirika haya kwa kawaida hushikwa na kampuni zinazolipa ada, kwa hiyo soma katiba uone kama kuna kiti kilichotengwa kwa mtu huru. Kama hakipo, usipoteze mwaka mzima ukibisha hodi.

2. Piga hesabu ya muda kabla ya kuahidi

Tangazo likisema "vikao sita kwa mwaka" huwa halijasema yote. Hii ni hesabu ya mjumbe wa kawaida anayefanya kazi yake sawasawa:

- Vikao 6 vya saa 2: saa 12
- Kusoma nyaraka kabla ya kila kikao, saa 3 mara 6: saa 18
- Kamati moja inayokutana saa 1 kila mwezi, pamoja na maandalizi ya saa 1: saa 24
- Mkutano mkuu na shughuli nyingine moja ya siku nzima: saa 16
- Mafunzo na ziara ya kituo: saa 10

Jumla ni saa 80 kwa mwaka. Mhazini aongeze nusu yake. Mwenyekiti azidishe mara mbili au tatu, maana simu za mtendaji mkuu hazifuati ratiba. Kama huna saa hizo, omba kuingia kwenye kamati pekee. Mashirika mengi huruhusu mtu asiye mjumbe wa bodi kukaa kwenye kamati, na huko ndiko bodi inakoangalia nani wa kumpandisha.

Kujitolea maana yake hulipwi mshahara. Nauli, malazi na posho ni suala jingine: uliza mapema kama gharama za safari hurudishwa, kwa utaratibu gani na baada ya siku ngapi. Kimya juu ya hilo huwatoa kwenye bodi watu wasio na uwezo, na mwisho wake bodi hubaki ya wenye nafasi peke yao.

3. Ijue sekta kiasi cha kuweza kuuliza

Huhitaji kuwa mhandisi. Unahitaji kuelewa kwa nini robota moja la chupa (mzigo uliobanwa na kufungwa pamoja) linauzika na jingine linarudishwa mlangoni.

Anza na plastiki. Namba 1 hadi 7 ndani ya alama ya pembetatu zilianzishwa Marekani mwaka 1988 ili kutambulisha aina ya plastiki: 1 ni PET (plastiki ya chupa za maji na soda), 2 ni HDPE, 3 ni PVC (plastiki ya mabomba), 4 ni LDPE, 5 ni PP, 6 ni PS na 7 ni nyinginezo. Namba hiyo haimaanishi kwamba chombo kinarejelezwa. Mjumbe anayesimama kwenye mkutano na kusema "kila chenye pembetatu kinarejelezwa" hupoteza imani ya watu wa kiwandani papo hapo. Kwa jumla, soko la kuaminika liko kwenye 1 na 2, na kwa kiasi fulani 5. Nyingine hutegemea sana mnunuzi aliyepo.

Pili, uchafu. Neno hili kwenye sekta halimaanishi matope peke yake; ni kitu chochote kisichotakiwa ndani ya mzigo. PET huyeyuka karibu nyuzi 250 hadi 260 za Selsiasi. PVC iliyojipenyeza humo huwa imeshaanza kuungua kabla ya kufika hapo, ikatoa asidi na kuiachia PET umanjano na madoa meusi. Ndiyo maana kipande kidogo kinaharibu mzigo mkubwa. Vigae vya chupa za kioo vikiingia kwenye karatasi huikwaruza mitambo ya kiwanda cha karatasi. Betri za lithiamu zilizotupwa na taka nyingine hubanwa kwenye gari au kwenye mashine ya kufunga marobota, zikapasuka na kuwasha moto. Hilo la mwisho ni la bodi moja kwa moja, kwa sababu linagusa usalama wa wafanyakazi na bima ya jengo.

Tatu, soko. Mwezi Julai 2017 China ilitangaza kwamba ingepiga marufuku aina 24 za taka kutoka nje, na marufuku hiyo ikaanza Januari 2018. Kwa nyingi ya zile zilizobaki, kikomo cha uchafu kikashushwa hadi asilimia 0.5. Programu zilizokuwa zikilipwa kwa karatasi mchanganyiko zikajikuta zinalipia ichukuliwe. Mashirika yaliyokuwa yamejenga bajeti nzima juu ya mauzo ya marobota yaliumia kuliko yale yaliyotoza ada ya huduma. Kumbuka pia Mkataba wa Basel, mkataba wa kimataifa unaodhibiti usafirishaji wa taka kutoka nchi moja kwenda nyingine: marekebisho yake kuhusu taka za plastiki yalianza kutumika Januari 2021, na yale ya taka za kielektroniki Januari 2025. Kwa kifupi, mzigo mwingi unaovuka mpaka sasa unahitaji ridhaa ya maandishi ya nchi inayoupokea, na plastiki inayoachiwa kupita bila ridhaa hiyo ni ile tu iliyochambuliwa ikawa safi na inakwenda kurejelezwa.

Nne, na hili ni swali litakalokupa heshima kuliko yote: *tani zinapimwa wapi?* Zinazopimwa langoni kwenye gari la kukusanyia ni nyingi. Zinazotoka kwenye mkanda wa kuchambulia ni pungufu. Zinazoingia kweli kwenye mtambo wa kurejeleza ni pungufu zaidi. Umoja wa Ulaya ulibadilisha sheria zake mwaka 2018 ili kwa kawaida hesabu ichukuliwe pale taka zinapoingia kwenye mtambo. Shirika likijisifu kwa tani 100 na 18 kati yake ziliishia dampo, zile 18 zimelipiwa usafiri mara mbili na ada ya dampo juu yake. Taarifa ya mwaka isiyosema kipimo kilichukuliwa wapi isome kwa tahadhari.

4. Lichunguze shirika: usinunue mbuzi kwenye gunia

Kabla ya kujaza fomu, omba nyaraka hizi kwa katibu au ofisi. Shirika linaloficha nyingi ya hizi kwa mtu anayetaka kubeba dhima yake limeshajibu swali lako.

- Katiba na kanuni za ndani
- Hesabu zilizokaguliwa za miaka 3
- Bajeti ya mwaka huu na utekelezaji wake hadi sasa
- Mihutasari ya vikao vya miezi 12
- Mpango mkakati, hata kama ni kurasa mbili
- Hati ya bima ya dhima ya wakurugenzi (inayowakinga wajumbe wakidaiwa kwa maamuzi ya bodi)
- Sera ya mgongano wa maslahi
- Orodha ya wajumbe, vipindi vyao na tarehe vinapoisha

Hesabu zina mtego mmoja mkubwa: fedha zenye masharti. Chukua mfano wa shirika linalotumia 240,000 kwa mwaka, yaani 20,000 kwa mwezi. Benki lina 150,000. Ukigawa kwa haraka unapata miezi saba na nusu, na unapumua. Sasa soma maelezo ya chini ya mizania: 110,000 ni za mfadhili kwa ajili ya mashine ya kufunga marobota, na haziruhusiwi kulipa mishahara. Zilizo huru ni 40,000. Hiyo ni miezi miwili. Akiba huru ya miezi 3 hadi 6 ndiyo inayotajwa kwa kawaida kuwa ya kutosha, na shirika linalotegemea bei ya chakavu lisogee kwenye 6 badala ya 3, kwa kuwa bei huanguka ghafla na mishahara haiangushwi hivyo.

Angalia pia mapato yanatoka wapi. Kama zaidi ya nusu yanatoka kwa mfadhili mmoja au mnunuzi mmoja wa marobota, uliza mkataba wake unaisha lini. Kama kuna wafanyakazi, uliza kama kodi na michango ya hifadhi ya jamii imelipwa hadi mwezi uliopita. Madeni ya namna hiyo ndiyo ambayo, kwenye nchi nyingi, huweza kumfuata mjumbe hadi nyumbani hata kama alikuwa anajitolea.

Mihutasari isome ukitafuta mambo matatu. Akidi: vikao vingapi vilikosa watu wa kutosha? Yatokanayo: je, suala lile lile linaonekana kwenye yatokanayo ya kikao cha nne mfululizo bila aliyekabidhiwa? Na kura: kama kila kitu hupita bila swali hata moja, bodi hiyo inagonga mhuri tu. Muhtasari wenye ubishi ulioandikwa kwa adabu ni dalili ya afya.

Bima ya dhima ya wakurugenzi isome mwenyewe, usiridhike na "tunayo". Tazama tarehe ya kuisha, na kama inawahusu wajumbe wa kujitolea. Uliza vilevile kuhusu bima ya moto ya kituo na masharti yake juu ya kiasi cha karatasi na plastiki kinachoruhusiwa kurundikwa. Marobota yakirundikwa kupita kiasi kilichoandikwa, madai ya bima yanaweza kukataliwa.

Mwisho, zungumza na watu wawili: mjumbe aliyeondoka karibuni na mfanyakazi wa kituo. Mjumbe muulize, "Ni uamuzi gani ulikusumbua?" Mfanyakazi muulize kuhusu glavu, sindano zinazokutwa kwenye mkanda, na nani anazima mashine kabla ya kutoa kilichokwama. Majibu ya huyu wa pili yatakuambia kuhusu uongozi wa shirika kuliko mpango mkakati wote.

5. Tafuta pengo na ufuate kalenda

Kwenye bodi nyingi vipindi ni vya miaka 2 au 3, navyo hupishanishwa ili sehemu tu ya wajumbe, mara nyingi theluthi, imalize kila mwaka. Kwa kuwa umeshapata orodha ya vipindi, unajua ni viti vipi vinafunguka na ni ujuzi gani unaondoka navyo. Mhazini anayemaliza muda ni mlango uliofunguka, kwa sababu bodi za mazingira hujaa walimu, wanaharakati na wataalamu wa mawasiliano, na anayependa kukaa na vitabu vya fedha ni mmoja au hakuna.

Hesabu kurudi nyuma kuanzia tarehe ya mkutano mkuu:

- Miezi 12 kabla: jiunge na ulipe ada. Katiba nyingi humtaka mgombea awe mwanachama hai kwa muda fulani.
- Miezi 9: ingia kwenye kamati na uchukue kazi moja yenye mwanzo na mwisho, kwa mfano kupitia sera ya ununuzi au kuandaa jedwali la uchafu kwa kila njia ya kukusanyia.
- Miezi 6: omba kuhudhuria kikao cha bodi kama mtazamaji. Mwambie mwenyekiti wa kamati ya uteuzi kwamba una nia.
- Miezi 4: pata ridhaa ya maandishi ya mwajiri wako, hasa ukiwa serikalini au kwenye kampuni ya taka.
- Miezi 3: fomu, wasifu, mpendekezaji na anayeunga mkono.
- Mwezi 1: hakikisha jina lako limo kwenye orodha iliyotangazwa.

Kinachowaangusha wengi hapa ni kidogo mno: ada ya uanachama iliyolipwa siku chache baada ya tarehe ya mwisho, au mpendekezaji ambaye uanachama wake mwenyewe umekufa. Vikague vyote viwili kwa katibu, kwa maandishi.

Angalia pia kama viti vimetengwa. Ukigombea kiti cha "wakusanyaji" na wewe ni mshauri wa kujitegemea, fomu itarudi hata ukiwa bora kuliko wote.

6. Andika maelezo ya mgombea

Wasifu wa kuombea kazi haufai hapa. Bodi haitafuti mfanyakazi. Ufupishe uwe ukurasa mmoja, ukianza na vyombo ulivyowahi kukaa, maamuzi uliyoshiriki na kiasi cha bajeti uliyosimamia. Vyeti vije chini. Kisha maelezo ya maneno 150 hivi, ambayo wapiga kura watayasoma kweli. Muundo huu unafanya kazi:

*"Nagombea kiti cha mjumbe nikiwa na nia ya kuisaidia kamati ya fedha. Kwa miaka minane nimesimamia hesabu za vyama vya wanachama, vikiwemo viwili vilivyopokea ruzuku zenye masharti. Mwaka huu, kwenye kamati ya ununuzi, nilishiriki kuandika utaratibu mpya wa kulinganisha zabuni tatu kabla ya kununua vifaa, bodi iliupitisha. Naona mambo mawili yanahitaji uangalizi. Akiba huru ni ndogo ukilinganisha na jinsi bei ya karatasi inavyopanda na kushuka. Pia taarifa zetu za tani hazionyeshi zilipimwa hatua gani, jambo ambalo wafadhili wameanza kuliuliza. Nikichaguliwa, nitaomba kamati ya fedha iandae sera ya akiba ndani ya mwaka wa kwanza, na nitasaidia kuiandika. Nina muda wa saa saba kwa mwezi, na mwajiri wangu ameridhia. Natangaza kwamba ndugu yangu anamiliki duka la vifaa vya usafi. Suala lolote la ununuzi wa vifaa hivyo sitalishiriki."*

Hakuna ahadi ya "kuleta mapinduzi" wala maneno makubwa kuhusu sayari. Kuna kazi iliyokwisha kufanyika, tatizo lililosomwa kwenye nyaraka, ahadi inayopimika na tamko la maslahi. Tamko hilo ndilo waombaji huliogopa, na ndilo linalowafanya waaminike.

7. Mahojiano na kura

Kamati ya uteuzi ikikuita, tarajia nusu saa hadi saa nzima. Swali la "kwa nini sisi?" lijibu kwa kutaja kitu ulichokisoma kwenye mihutasari au hesabu zao. Swali la "ungefanya nini kama hukubaliani na uamuzi wa wengi?" lina jibu moja linalokubalika: unapinga ndani ya kikao, unaomba pingamizi lako liandikwe kwenye muhtasari, kisha nje unauheshimu uamuzi au unajiuzulu. Anayesema angekwenda kwenye vyombo vya habari huwa amejitoa mwenyewe. Jambo la uvunjaji wa sheria ni tofauti, na ukiulizwa useme hivyo.

Huenda pia ukaulizwa kuhusu kuchangisha. Bodi nyingi humtaka kila mjumbe achangie au atafute wachangiaji. Sema unachoweza na usichoweza.

Palipo na kura ya wanachama, soma kanuni za kampeni kabla ya kutuma ujumbe wowote. Kuna vyama vinavyokataza kutumia orodha ya mawasiliano ya wanachama, na mgombea anayefanya hivyo huondolewa. Hotuba ya dakika 2 ni maneno kama 200. Iandike, isome kwa sauti ukiwa na saa mkononi, punguza. Ukikosa kura, mwandikie mwenyekiti ndani ya wiki moja ukiomba kubaki kwenye kamati. Viti huachwa wazi katikati ya mwaka, na pale katiba inapoiruhusu bodi kujaza nafasi, humwangalia kwanza aliyekuwa jirani.

8. Mgongano wa maslahi, na mtego wa bei

Sekta hii ni ndogo. Anayeuza mizani anamjua anayenunua marobota, na wote wawili wako kwenye bodi. Utaratibu ni huu: tangaza maslahi kwa maandishi unapoingia, yahuishe kila mwaka, yataje tena ajenda inapofika, toka chumbani wakati wa mjadala, usipige kura, na hakikisha katibu ameandika ulitoka na ulirudi saa ngapi. Kukaa kimya kwenye kiti hakutoshi, kwa sababu uwepo wako peke yake unawazuia wengine kusema.

Kwenye chama cha sekta kuna hatari ya ziada ambayo wageni hawaijui. Wajumbe ni washindani wa kibiashara. Mazungumzo ya "tukubaliane tusinunue kopo zaidi ya bei fulani" au "wewe chukua upande ule" yanaweza kuwa kosa chini ya sheria za ushindani, hata yakifanyika kwenye chai baada ya kikao. Yakianza, yapinge kwa sauti, ondoka, na umwarifu katibu kwa maandishi.

9. Siku 90 za kwanza

Wiki ya kwanza saini fomu za lazima na uulize kama jina lako limepelekwa kwa msajili. Ndani ya mwezi tembelea kituo ukiwa na viatu vigumu, fulana ya kuakisi mwanga na kofia ngumu, ukae saa mbili kwenye mkanda wa kuchambulia ukitazama kinachopita. Kwenye kikao cha kwanza uliza swali moja au mawili ya ufafanuzi. Ukimya kabisa huonekana kutojali, na maswali kumi huonekana kutosoma.

Kosa kubwa la kipindi hiki ni kwenda kwa msimamizi wa kituo na kumwelekeza abadilishe zamu au mnunuzi. Bodi humwelekeza mtendaji mkuu kwa azimio. Mtendaji mkuu ndiye huwaelekeza wafanyakazi. Mjumbe mmoja mmoja, nje ya kikao, hana amri juu ya mtu yeyote. Kwenye mashirika madogo yasiyo na wafanyakazi mpaka huu hufifia, kwani mjumbe yule yule anayepitisha bajeti Jumanne hubeba magunia Jumamosi. Hapo jitahidi kujua umevaa kofia gani: Jumamosi unamfuata kiongozi wa zoezi kama mtu mwingine yeyote.

10. Kutoka ujumbe hadi uenyekiti

Njia ya kawaida ni mjumbe, mwenyekiti wa kamati, makamu au mhazini, kisha mwenyekiti. Inachukua miaka 3 hadi 5, na kuiruka kunawezekana ila si kwa heri sana. Mwenyekiti asiyewahi kuongoza kamati hujifunza kuendesha kikao mbele ya watu wote. Nafasi hizi za juu mara nyingi huchaguliwa na bodi yenyewe, kwa hiyo wapiga kura wako ni watu wachache wanaokumbuka nani aliwasilisha taarifa kwa wakati.

Ukiitaka nafasi, mwambie mwenyekiti aliyepo miezi 6 kabla ya kipindi chake kuisha. Omba uendeshe vikao viwili akiwepo. Jifunze kupanga ajenda kwa dakika: kufungua na akidi 5, muhtasari na yatokanayo 15, fedha 20, jambo kuu la uamuzi 45, taarifa ya mtendaji 20, mengineyo 10. Jumla inakuwa dakika 115, na zile 5 zinazobaki kwenye saa mbili zitaliwa tu. Jambo kuu likae katikati, watu wakiwa bado na nguvu. Taarifa zisizohitaji uamuzi zitumwe siku 7 kabla na zisisomwe kikaoni.

Kazi mbili za mwenyekiti haziwezi kukaimishwa. Ya kwanza ni tathmini ya mwaka ya mtendaji mkuu, iliyoandikwa na kusainiwa. Ya pili ni kumwambia mjumbe aliyekosa vikao vitatu kwamba apishe. Usigombee uenyekiti kama hii ya pili inakushinda.

Makabidhiano yaandae mwaka mmoja kabla ya kuondoka: orodha ya mikataba na tarehe zake za kuisha, majina ya waliosainishwa benki, nywila zote zikiwa mikononi mwa ofisi na si kwenye simu yako, na ukurasa mmoja wa masuala yaliyo njiani. Jina lako litolewe benki na kwa msajili ndani ya mwezi mmoja baada ya kuondoka. Fuatilia mwenyewe hadi upate uthibitisho wa maandishi, kwa sababu jina likibaki kule, barua za madai nazo zitaendelea kuja kwako.